Lamineti Si Nyepesi, Wala Si Plaiwudi

"Fundi, bunduki yangu ni ile nyepesi, kitako kimepasuka shingoni. Nitafutie cha lamineti ndiyo ibaki nyepesi." Ujumbe huu umeingia tena wiki hii. Nimeshaujibu kwenye simu, nimeujibu kaunta, nimeujibu hata matangani, mtu amenivuta kando kabla sahani haijafika. Sasa naandika, atakayeuliza tena nitamtumia hii na kuendelea na kazi. Kitako ni ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba chuma cha bunduki, na lamineti ni mbao ya tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja.

Lamineti ni nzito. Inaizidi mbao ya mti wa walnuti, inaizidi plastiki ya kiwandani, na ukiiweka kwenye mizani pamoja na kitako cha kaboni itakuwa karibu mara mbili. Vitako vya lamineti vinavyopita mezani kwangu huwa kati ya kilo 1.1 na 1.6 kutegemea umbo. Plastiki inakaa karibu na kilo moja. Kaboni nzuri ni gramu 600 hadi 800.

Sababu haina siri. Lamineti za vitako kwa kawaida ni za mti wa birchi, na birchi ya manjano iliyokaushwa vizuri ina uzito wa takribani kilo 690 kwa mita moja ya ujazo. Walnuti nyeusi ni kama 610. Hapo hatujaongeza gundi. Kila vinia, yaani tabaka moja ya mbao, ina unene wa kama milimita 1.5, kwa hiyo tofali la kuchongea kitako kimoja lina tabaka zaidi ya 30, na kati ya kila tabaka kuna resini iliyobanwa kwa mashine. Umechukua mti mzito, ukaulisha gundi, ukaubana. Wepesi utatoka wapi?

Nadhani najua imani hii ilikozaliwa. Kuna bunduki nyepesi zilizotoka kiwandani zikiwa na lamineti, kama Remington Model Seven ya toleo la LS. Mtu akaishika, akaona ni nyepesi, akaona mistari ya rangi kwenye kitako, akaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Model Seven ilikuwa nyepesi tangu ilipoanza kuuzwa 1983 kwa sababu ya mtutu mfupi na risiva fupi, yaani kile chuma ambamo risasi huingizwa na kufyatuliwa. Kitako cha lamineti kilirudisha sehemu ya uzito ambao chuma kilikuwa kimeupunguza.

Tufanye hesabu kidogo. Una bunduki ya kilo 2.9, unatoa plastiki, unaweka lamineti inayoizidi kwa gramu 400. Sasa una kilo 3.3. Kama ulinunua bunduki hiyo kwa ajili ya kupanda milima, umejinunulia mzigo. Lakini kuna upande wa pili ambao watu hawaniulizi kamwe: kwa risasi ileile, nishati ya teke, ule msukumo wa nyuma bunduki inapofyatuka, inapungua takribani asilimia 12. Kwenye bunduki nyepesi ya risasi ya .308 hiyo si kidogo. Wateja wangu wengi hawapandi mlima wowote. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo bunduki hizi zinaishi kabatini, zinaenda uwanja wa Kirigiti kupiga shabaha, na mara mojamoja, makaratasi yakiwa sawa, zinavuka Namanga na mwenyewe kwenda kuwinda Tanzania. Mtu anayepiga shabaha asubuhi nzima akiwa amelala kifudifudi atazishukuru zile gramu 400 kabla ya saa nne. Kwa hiyo sisemi usiweke lamineti. Nasema usiiweke kwa sababu isiyo ya kweli.

Sasa tuje kwa hili linalonichosha kabisa: "Si ni plaiwudi tu?" Anayeuliza hivi huwa tayari ana mtu wake soko la Gikomba atakayemchongea kitako kwa plaiwudi ya mashua kwa bei ya nyama choma. Bwana, huyo mtu wa Gikomba ni fundi hodari, pengine ananishinda kwa randa. Shida iko kwenye mbao atakayopewa.

Plaiwudi imepangwa kama mkeka: tabaka moja nyuzi zinakwenda urefu, inayofuata zinakwenda upana. Ni mpango mzuri sana kwa dari, kwa kabati, kwa sakafu ya mashua, kwa sababu ubao hautanuki sana kwa urefu wala kwa upana. Lakini kitako cha bunduki kina shingo, pale kiganja kinaposhika nyuma ya kifyatulio. Hapo mbao ni nyembamba kuliko kwingine kote na ndipo teke lote linapopita. Shingo inahitaji nyuzi zinazokimbia kwa urefu. Kwenye plaiwudi karibu nusu ya tabaka zako zimelala kinyume, na hizo hazibebi chochote pale shingoni, zimejaza nafasi tu. Lamineti ya vitako kwa kawaida hupangwa nyuzi zote upande mmoja. Kwa macho zinafanana, hasa zikishapakwa rangi na vanishi. Kwa kazi ni vitu viwili tofauti.

Hapo mtu mjanja atanishika: kama nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, basi lamineti itatanuka na kusinyaa kama mbao ya kawaida, sivyo? Swali zuri, na wauzaji wengi hawalipendi. Walnuti nyeusi ikitoka ubichi hadi kukauka kabisa husinyaa kama asilimia 7.8 kwa kufuata pete za mti, na 5.5 kutoka kiini kwenda ganda. Birchi ya manjano ni 9.5 na 7.3. Ndiyo, umesoma sawasawa: birchi inacheza zaidi ya walnuti. Aliyekwambia lamineti imetulia kwa sababu ya mti wake hajui anachouza.

Utulivu wake unatoka kwingine. Ubao mmoja mzima una tabia moja. Kama nyuzi zake zimepinda kidogo, hewa ikibadilika ubao wote unajikunja kuelekea huko, na ncha ya mbele ya kitako inakwenda kuusukuma mtutu. Kwenye lamineti kila vinia ina ukaidi wake, lakini imegundishwa kwa jirani anayevuta upande mwingine, naye ana jirani wake. Zaidi ya 30 wakivutana, hakuna anayeshinda. Kitako kinaweza kuvimba kidogo kwa unene, hilo halikwepeki, lakini hakijikunji. Na kujikunja ndiko kunakohamisha shabaha. Kuvimba nywele moja kwa unene hakunisumbui.

Kwetu hili si la nadharia. Bunduki ikikaa Karen, hapa Nairobi, mwezi wa pili, hewa ni kavu, tuko mita karibu 1,800 juu ya bahari. Mvua ya mwezi wa nne inakuja, au mwenyewe anashuka nayo pwani, na ile walnuti nzuri ya babu inaanza kuunywa unyevu. Mtu anarudi kuniambia darubini yake imeharibika. Darubini haina kosa lolote.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukidhani lamineti haiguswi na maji. Matangazo yanasema hivyo, mimi siamini. Resini iko kati ya tabaka, na ndani ya vinia yenyewe bado ni mbao. Pale mashine ilipochimba nafasi ya risiva na ya magazini (kisanduku cha risasi), nyuzi zimekatwa na ziko wazi, na viwanda vya bei nafuu hupaka vanishi nje ambako jicho linafika na kuacha ndani pakavu. Nimeona vya namna hiyo vimeubana mtutu upande mmoja baada ya mvua. Kitako kipya kikifika kwangu, kazi ya kwanza ni kupaka ndani kote, chini ya raba ya nyuma na kwenye matundu ya skrubu. Haipendezi kwa picha.

Kukipata chenyewe ni habari nyingine. Hadi 2014 viwanda vingi vya Marekani vilikuwa vinanunua matofali ya lamineti kutoka Rutland Plywood, Vermont. Mwezi wa nane mwaka huo kiwanda kikaungua. Kwa hiyo ukiona kwenye picha ya zamani rangi fulani ukaitaka hiyohiyo, punguza matumaini. Siku hizi anayepatikana kirahisi zaidi ni Boyds wa South Dakota. Kuagiza kwenyewe: usibonyeze kitu chochote mtandaoni kabla hujazungumza na muuzaji mwenye leseni na kuhakikisha Bodi ya Leseni za Silaha haitakuwa na swali. Kitako hakina namba ya usajili, ni kweli, lakini mzigo ulioandikwa kuwa ni wa bunduki ukifika uwanja wa ndege, hakuna atakayekusikiliza ukieleza kwamba ni mbao tu.

Na jina la kampuni halitoshi. Watu wananiambia "ni Remington fupi" kana kwamba wamemaliza. Kitako cha Remington 700 fupi hakikai kwenye Model Seven, kwa sababu risiva ya Seven ni fupi zaidi na skrubu haziangukii mahali pamoja. "Ni BRNO" pia halinisaidii, maana bunduki zao za ZKK 600, 601 na 602 ni risiva za urefu wa aina tatu. Kwa upande mwingine Howa 1500 na Weatherby Vanguard ni risiva ileile, kwa hiyo wenye Vanguard wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Tikka inataka uangalizi wake: jino linalopokea teke haliko kwenye risiva, limekaa kwenye kitako, kwa hiyo ukitupa kitako cha zamani nalo ndani umetupa kitu utakachokitafuta kwa machozi.

Halafu kuna mtutu. Bunduki nyepesi ina mtutu mwembamba, na vitako vingi vya lamineti huchimbwa kwa mtutu mnene. Utaona nafasi kubwa kila upande, na utafikiri nimekosea. Haina madhara, ni sura tu.

Kuilaza risiva ndani ya kitako ni lazima, hata kama tangazo linasema unafunga skrubu na kwenda zako. Epoksi nyuma ya jino la teke na chini ya mkia wa risiva, nguzo za alumini kwenye matundu ya skrubu. Bila nguzo sikazi zaidi ya niutoni mita 4 au 5, maana mbao inaminyika na kesho skrubu zimelegea. Nikiwa na nguzo nafika 7, kama mtengenezaji hajasema vingine.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vinalisema kwa uhakika ambao mimi sina. Wanasema mtutu uelee, usiguse mbao popote. Kwa mtutu mnene sibishani. Kwa mtutu mwembamba wa bunduki nyepesi, kuna unaotulia ukielea, na kuna unaotawanya risasi hadi uupe mgandamizo kidogo karibu na ncha ya kitako, na viwanda vingine viliziuza hivyo makusudi. Siwezi kuutazama mtutu nikakuambia utakuwa wa kundi gani. Naufanya uelee kwanza, tunaupiga, na kama haupendi naweka kipande cha epoksi mbele na kuupiga tena. Mteja anayetaka jibu kabla ya kwenda uwanjani nampa kiti na chai.

Kama bado unalilia wepesi na umeshaipenda lamineti, naweza kuchimba matundu ndani ya sehemu ya nyuma, chini ya raba, na kuondoa mbao mbele chini ya mtutu. Gramu 100 hadi 200 zinatoka. Ukichimba nyuma tu, bunduki inakuwa na pua nzito, wengine wanapenda hivyo. Karibu na shingo sichimbi, usiniombe.

Unaponiandikia, andika maneno yote yaliyochongwa kwenye risiva, neno kwa neno. Niambie kama magazini inatoka, au ina kifuniko cha chini chenye bawaba, au imefichwa ndani ya mbao. Niambie boliti, lile komeo la kusukuma risasi, iko kulia au kushoto, na upime umbali kati ya skrubu mbili za chini, katikati hadi katikati, kwa milimita. Hakikisha kwanza haina risasi, na uhakikishe tena. Picha ya darubini usinitumie, haiingii kwenye kazi hii.