Sampo ni nini? Sauti za vita ndani ya The War Room

Sampo ni kipande cha sauti kilichorekodiwa kwa ajili ya kazi nyingine, kikakatwa na kupachikwa kwenye wimbo mpya. Mara nyingi maprodyuza hukata ngoma, besi au kiitikio cha wimbo wa zamani, kwa ruhusa ya mwenye haki au kwa kesi baadaye. Lakini maneno ya mtu anayezungumza tu nayo ni sampo, na hapo ndipo mambo yananoga.

Chukua The War Room, EP ya nyimbo tano ya kundi la London liitwalo Public Service Broadcasting, iliyotoka mwaka 2012. (EP huzidi singo, haifiki albamu.) Humo haimbi mtu. Mahali pa mwimbaji zinazungumza filamu za Uingereza za enzi za Vita vya Pili vya Dunia, kutoka hifadhi ya British Film Institute, juu ya ngoma, gitaa na sinthesaiza.

Sikiliza "London Can Take It". Sauti ile nzito, isiyo na haraka, ni ya Quentin Reynolds, mwandishi wa habari Mmarekani, akisimulia filamu ya mwaka 1940: usiku ndege za Ujerumani zinaangusha mabomu, asubuhi watu wanaruka vifusi kuwahi kazini. Anajitambulisha kuwa ni mwandishi asiye na upande. Upande alikuwa nao! Filamu ilitengenezwa na kitengo cha serikali ya Uingereza ili kuwagusa Wamarekani, ambao walikuwa hawajaingia vitani. Kwa hiyo anayeisampo hachukui sauti peke yake, anabeba na kazi ambayo sauti hiyo ilitumwa kuifanya.

"Spitfire" inateleza zaidi. Maneno yake yametoka kwenye The First of the Few, filamu ya mwaka 1942 kuhusu R. J. Mitchell, mhandisi aliyebuni ndege hiyo ya kivita. Mitchell alifariki 1937, vita havijaanza. Unaowasikia ni waigizaji, akiwemo Leslie Howard aliyecheza nafasi yake, ingawa ukiwa na spika za masikioni unaweza kuapa kwamba ni mashahidi.

Na chini ya maneno hayo mdundo unakwenda moja kwa moja bila kupumua, mtindo wa bendi za Ujerumani Magharibi za miaka ya 1970. Ndege ya Mwingereza, injini ya Mjerumani.