Bwana Miyagi na somo tulilolichukua nusu

Nafundisha karate ya Goju-ryu, na ni nadra kumpokea mwanafunzi mpya asiyekuja na picha ya Bwana Miyagi kichwani, yule mzee wa The Karate Kid ya mwaka 1984, aliyeigizwa na Pat Morita. Wengi wamesikia kwamba mwalimu wa kweli humpa mwanafunzi kitambaa na gari la kung'arisha, kisha hunyamaza. Nampenda sana mzee huyu, na naumia kuona urithi wake ukipunguzwa kiasi hicho.

Tukio lenyewe linastahili kutazamwa polepole. Daniel, kijana anayetaka Miyagi amfundishe karate, amepaka magari nta, amepiga msasa sakafu ya mbao, amepaka rangi uzio na nyumba, na sasa bega linamuuma na hasira zimempanda, kwa kuwa anaona amegeuzwa kibarua. Mzee hamfukuzi wala hamhubirii. Anamkanda bega, anamtaka arudie miondoko ileile mmoja baada ya mwingine huku akimrekebisha mkono, kisha anamrushia ngumi na mateke, na mikono ya kijana inakinga kabla hajapata muda wa kufikiri. Ule mduara wa kupaka na kufuta nta ni ndugu wa karibu wa mawashi-uke, kinga ya mviringo tunayofungia Sanchin, mojawapo ya kata zetu, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa. Si jambo la bahati: mwandishi wa filamu, Robert Mark Kamen, alijifunza Goju-ryu, na jina la mhusika linatokana na Chojun Miyagi wa Okinawa (1888–1953), mwasisi wa mtindo huu.

Kwa hiyo kazi ile ilikuwa na mwisho, na maana yake ilifunuliwa usiku uleule mwanafunzi alipoidai. Sisi walimu tumeshika kazi tukaacha jibu. Nilipokuwa kijana, mwalimu mmoja alinifagilisha ukumbi kwa miezi, na kila nilipouliza sababu aliniambia nisubiri. Niliondoka kwake bila kujua kinga hata moja.

Lakini kinachomfanya Miyagi adumu, kwa maoni yangu, ni tukio lisilo na karate kabisa. Daniel anamkuta amelewa, amevaa sare ya jeshi, akimlilia mkewe na mtoto waliofariki wakati wa kujifungua katika kambi ya Manzanar, California, ilhali yeye alikuwa Ulaya akiipigania Marekani hiyohiyo katika Kikosi cha 442 cha Wamarekani wenye asili ya Japani. Watu wapatao 120,000 wa asili hiyo walifungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Morita alikuwa mmoja wao: akiwa mtoto, baada ya kulazwa miaka mingi kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, alitolewa hospitalini akapelekwa kambi ya Gila River, Arizona. Wakubwa wa studio walitaka tukio hilo likatwe. Mwongozaji John G. Avildsen alilitetea, na Morita akateuliwa kuwania Oscar.

Daniel anamlaza mzee, anaiona nishani ya vita, anamfunika, kisha anamwinamia kwa heshima ingawa amelala na hawezi kumwona. Wanafunzi wangu wakiniuliza kuhusu Miyagi, huwaonyesha kwanza kuinama huko, ndipo tunaposhika kitambaa.