Hita ya Gesi Inapokataa Kuwaka: Maelezo kwa Wakazi wa Nakuru Msimu Huu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Molo, Elburgon, Mau Narok na Kuresoi huwafanya wakazi wengi wazitoe stoo hita za gesi zilizokaa chini ya gunia tangu msimu uliopita, nasi katika idara ya zimamoto huanza kupokea simu za aina moja: "Mwanangu, hii hita imekufa, nifanyeje?" Maelezo haya yanahusu hita kuukuu za kubebeka, zile zenye mtungi ndani ya kabati lake, zikiwemo zilizonunuliwa zikiwa mitumba. Tunachukulia kwamba msomaji anajua kuunganisha mtungi na kusoma maandishi yaliyo kwenye kibati cha hita, hivyo hatutayarudia hayo.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba hita nyingi zinazodaiwa kufa ziko hai na zinatimiza wajibu wao. Kando ya mwali mdogo wa kuwashia, ambao mafundi huuita pailoti, kuna kijiti cha chuma kiitwacho themokapo. Kikipata joto la mwali huo, kijiti hicho huzalisha umeme mdogo mno, takriban milivolti 25 hadi 30, nao ndio unaoishikilia vali ya gesi ili ibaki wazi. Pailoti ikizimika, kijiti hupoa, umeme hukatika na vali hujifunga yenyewe ili gesi isijae chumbani bila kuungua. Ndiyo sababu mtumiaji hutakiwa kuendelea kubonyeza kitufe kwa sekunde 20 hadi 30 baada ya mwali kutokea. Anayekiachilia baada ya sekunde tano, kisha akalalamika kwamba hita imezimika, hana hita mbovu, ana haraka.

Ikiwa umesubiri muda huo na pailoti bado inazimika unapoachilia kitufe, yaelekea tatizo liko kwenye themokapo yenyewe. Hakikisha ncha yake imo ndani ya mwali wala haijapinda pembeni, kwa kuwa hita ikikokotwa huku na huku kijiti husogea. Masizi yaondolewe kwa msasa laini hita ikiwa imepoa na mtungi umefungwa, na nati inayokiunganisha kijiti na vali ikazwe kwa vidole, kisha iongezwe robo ya mzunguko tu kwa spana. Kijiti kilichochakaa hubadilishwa, na si kifaa cha gharama kubwa. Lisilokubalika kabisa ni kukifunga kitufe kwa waya au kamba ili kibaki kimebonyezwa, desturi ambayo bado tunaikuta majumbani na hata katika vibanda vya kulelea vifaranga. Hita iliyofungwa hivyo haina ulinzi wowote. Upepo ukiuzima mwali usiku, gesi itaendelea kutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa itatambaa sakafuni hadi ikutane na kiberiti, jiko la makaa au swichi.

Pasipo cheche, tazama kitufe cha kuwashia na waya wake. Unyevu wa stoo hutosha kuinyima hita cheche, kwa hiyo ikaushwe kwanza. Kauri inayoishika ncha ya cheche isiwe na ufa, na pengo kati ya ncha hiyo na chuma kinachoipokea liwe takriban milimita 3 hadi 4. Ikiwa mtengenezaji anaruhusu hita iwashwe kwa kiberiti kirefu, mwali utangulie na gesi ifuate, si kinyume chake.

Cheche ikiwapo lakini pailoti haishiki, huenda tundu la gesi limeziba kwa vumbi au utando wa buibui. Lipulizwe kwa hewa. Pampu ya baiskeli yatosha. Sindano isitumike, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo mwali hubadilika, na baada ya hapo hakuna fundi awezaye kulirudisha lilivyokuwa.

Walio juu ya mlima wana sababu nyingine ambayo mafundi wengi wa mjini hawaizingatii. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo inakaribia mita 2,500, ambako shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Baadhi ya hita zina kifaa cha kuzima gesi oksijeni ikipungua chumbani, na watengenezaji kadhaa hutahadharisha kwamba kifaa hicho huweza kuizima hita katika miinuko ya zaidi ya mita 2,100 hata kama dirisha liko wazi. Suluhisho ni kutafuta hita iliyoidhinishwa kwa mwinuko huo, si kung'oa kifaa. Vilevile, hita za mitumba kutoka Uingereza na kwingineko huenda zilitengenezewa gesi asilia ya bomba, ambayo huhitaji hita yenye matundu makubwa zaidi. Ukiiunganisha hita ya namna hiyo na mtungi utapata mwali mkubwa wa manjano, masizi na kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Hita yoyote yenye mwali wa manjano izimwe, na hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje isiachwe ikiwaka mkiwa mmelala.

Sasa kuhusu beseni la maji moto, ambalo wengi huutumbukizia mtungi wakidai kwamba gesi imeganda. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata katika nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali butani hukaribia kukwama kwenye sifuri. Mtungi unapotumika hujipoza wenyewe, propani hutangulia kwisha, na butani inayobaki hutoka kwa unyonge alfajiri ya baridi, hasa katika mtungi wa kilo 6. Huo ndio ukweli wote wa "gesi imeganda". Haijaganda. Kuuchemsha mtungi, kuulaza ubavu au kuutikisa ili gesi "ishuke" ni kujitafutia ajali, maana mtungi ukilala, gesi iliyo bado katika hali ya kimiminika huingia kwenye regulata, na lita moja ya kimiminika hicho huwa takriban lita 250 za gesi. Tumelieleza jambo hili mara nyingi katika mabaraza ya machifu, na beseni bado lipo.

Baada ya kila jaribio lililoshindikana, funga gesi, fungua mlango na dirisha, na usubiri angalau dakika tano kabla ya kujaribu tena. Harufu ikiwapo, usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Toka nje, kisha upige 999 au 112. Maungio yote na mpira wa gesi yapimwe kwa povu la sabuni, na mpira wenye nyufa ubadilishwe, usizungushiwe selotepu.

Hatimaye, huenda hita ni nzima na mtungi ndio wenye kasoro. Kanuni za gesi za mwaka 2019 haziruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi ya mwenye chapa, na mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024 ulitokea katika kituo kilichokuwa kikiendeshwa bila kibali. Unaponunua, kagua lakiri, kisha omba mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake. Ukiwa kilo 14.2, mtungi wa kilo 13 uliojaa usome kilo 27.2. Ukishuku udanganyifu, usiumalize mtungi wala kuurudisha kimyakimya. Hifadhi risiti, piga picha ya lakiri na ya namba ya mtungi, andika jina la duka na tarehe, na uwasilishe malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ukituma nakala kwa ofisi ya zimamoto ya kaunti. Anayejaza au kuuza gesi bila leseni anakabiliwa na mashtaka, na akipatikana na hatia hutozwa faini, hufungwa gerezani au hupewa adhabu zote mbili. Mwenye duka lililo na leseni lakini halina cheti halali cha zimamoto naye huweza kufungiwa duka hadi ukaguzi urudiwe. Malalamiko yasiyo na risiti hupokelewa, ila huchukua muda mrefu zaidi kuchunguzwa, kwa kuwa wakaguzi hulazimika kwanza kuthibitisha mtungi ulinunuliwa wapi.