Mawe hai ya tangi la maji chumvi: wasemavyo watu na ulivyo ukweli

“Jiwe hai ni tumbawe lililo hai.” Jiwe lenyewe, hili tunaloweka kwenye tangi la samaki wa baharini, lilishakufa zamani. Ni mifupa ya matumbawe, chokaa ya jamii ileile iliyojenga nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar. Walio hai ni wakazi wake: bakteria, sifongo, minyoo, mwani mgumu wa rangi ya waridi. Livunje uone, ndani lina vitundu tele kama mkate wa kumimina. Karibu na uso, penye oksijeni, bakteria hugeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani zaidi, oksijeni isikofika vizuri, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikatoka majini. Hilo ndilo chujio lako.

“Lichemshe kwanza, wadudu wabaya wafe.” Tafadhali, usithubutu! Jiwe laweza kubeba Palythoa, viumbe jamaa wa matumbawe, na baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno. Wapo watu waliochemsha mawe jikoni, wakavuta mvuke na kulazwa hospitali pamoja na familia zao. Maji ya moto pia usiyamwagie. Isitoshe, minyoo wengi unaowaogopa ni wasafishaji tu, wanakula mabaki.

“Mawe yakiwa mengi ndiyo bora.” Kanuni ya zamani ilidai takriban kilo 1 kwa kila lita 8, yaani kilo 25 kwenye tangi la lita 200. Lakini jiwe zito lisilo na vitundu linajaza nafasi bure. Mimi nilipanga ukuta mzima nyuma ya tangi. Maji hayakupita, uchafu ukatuama, nikaubomoa wote. Sasa nina vilima viwili na njia katikati, na kutoka kwenye kioo nimeacha upana wa vidole vinne ili mkono wenye brashi upite. Mawe ya chini yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, maana samaki wachimbaji watafukua chini yake yaanguke. Yatikise kwa mkono. Likicheza hata moja, panga upya.

“Ukishapanga, kesho tia samaki.” Safarini wakazi wengi wa jiwe hufa, wakaoza, amonia ikapanda. Subiri wiki kadhaa, hadi amonia na nitriti zisome sifuri kwenye kipimo cha maji. Jiwe lililotulia hunuka kama ufuo maji yakiwa yamekupwa. Linalonuka yai viza bado.

“Sisi wa pwani tuokote tu mwambani.” Naumia nikisikia hili. Matumbawe yetu yalipauka vibaya mwaka 1998, na matumbawe machanga hujishikiza kwenye miamba hiyohiyo. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mawe hai yanayosafirishwa nje huhitaji kibali. Nunua mawe makavu, kisha omba kipande cha ukubwa wa ngumi kutoka tangi la mwenzio lisilo na maradhi. Bakteria watahamia kimyakimya. Baada ya miezi utaanza kuona madoa ya waridi kwenye jiwe lililokuwa jeupe.