Maana ya "usitumie pombe" katika dawa za chunusi

Maneno "usitumie pombe" husemwa haraka kwenye dirisha la dawa, pengine huandikwa juu ya bahasha ya vidonge, na mgonjwa huondoka nayo kama amri isiyo na maelezo. Anayetibiwa chunusi sugu anaweza kuisikia amri hiyo hiyo kwa dawa tatu zisizofanana hata kidogo, na ndiyo sababu wengine huiogopa kupita kiasi na wengine huipuuza kabisa. Dhana iliyo nyuma ya maneno hayo ni mwingiliano wa dawa na pombe, yaani hali ambayo pombe hubadilisha namna dawa inavyofanya kazi mwilini, au dawa hubadilisha namna mwili unavyoishughulikia pombe, au vyote viwili hukielemea kiungo kimoja kwa wakati mmoja.

Picha waliyo nayo watu wengi kuhusu mwingiliano huu imetokana na metronidazoli, ambayo kwetu hujulikana zaidi kwa jina la Flagyl. Mwili huigeuza pombe kwanza kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu, kisha huivunja kemikali hiyo. Metronidazoli imeelezwa kwa miaka mingi kwamba huzuia hatua ya pili, na mnywaji akapatwa na kichefuchefu, moyo kwenda mbio na uso kuwaka moto. Vipo vipimo ambavyo havikuuona mzuio huo, lakini onyo limebaki. Kwa sababu ya dawa hii moja, imeenea imani kwamba kila antibiotiki ikikutana na bia mtu ataanguka palepale, au kwamba asipoanguka basi hakuna lililoharibika.

Doksisaiklini, antibiotiki inayotolewa sana kwa chunusi, haiko hivyo. Aliyekunywa bia moja jioni hatarajiwi kuona kioja chochote. Tatizo lake liko kwa mtu anayekunywa sana na kwa muda mrefu, ambaye ini lake limezoea kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja sumu, na vimeng'enya hivyo huiondoa doksisaiklini mwilini haraka kuliko kawaida, hata dozi iliyoandikwa ikawa haitoshi. Lipo na jambo la kawaida zaidi: kidonge hiki hutakiwa kumezwa kwa maji mengi, mtu akiwa ameketi au amesimama, kwa kuwa kikikwama kwenye umio, njia ya chakula kwenda tumboni, huuchoma na kuacha kidonda, na aliyelewa ndiye hasa anayekimeza kwa funda moja la maji na kujilaza.

Onyo linapata uzito wake kamili katika isotretinoini. Dawa hii ni ya ukoo wa vitamini A, iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa jina la Accutane, na hutolewa kwa chunusi kali iliyoshindikana kwa dawa nyingine, kwa kawaida kwa miezi minne hadi sita. Katika kipindi hicho inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini kwenye damu, na inaweza pia kupandisha trigliseridi, ambazo ni aina ya mafuta yanayosafiri katika damu. Pombe nayo hufanya yote mawili bila msaada wa dawa yoyote. Trigliseridi zikipanda mno, kongosho linaweza kuvimba, na kuvimba kwa kongosho ni maradhi ya kulazwa hospitalini, hata kuua. Mwingiliano wa hapa, basi, ni wa mizigo miwili juu ya mbeba mizigo mmoja. Hauna kutapika wala uso kuwaka, hujengeka kwa wiki kadhaa, na mgonjwa hahisi lolote mpaka damu ipimwe.

Kwa sababu hiyo, ile hila ya kuruka vidonge vya Ijumaa na Jumamosi ili kunywa kwa amani haina maana. Kiasi cha isotretinoini mwilini huchukua takriban saa 20 kupungua kwa nusu, kwa hiyo anayeacha kidonge cha asubuhi na kuagiza bia usiku bado anayo sehemu ya dawa mwilini. Ini na mafuta ya damu navyo havirudi katika hali ya awali kwa usiku mmoja. Anachokipoteza kwa hakika ni mfululizo wa matibabu.

Isotretinoini huchanganywa pia na ndugu yake, asitretini, dawa ya ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Pombe huweza kuigeuza asitretini kuwa kemikali nyingine inayojificha katika mafuta ya mwili kwa muda mrefu sana, ndiyo maana mwanamke anayeitumia hukatazwa pombe kabisa mpaka miezi miwili baada ya kuacha, na ujauzito kwa miaka mitatu. Isotretinoini haina tabia hiyo; nayo huharibu vibaya mimba, ila muda wa kusubiri baada ya kidonge cha mwisho ni mwezi mmoja. Dawa za kupaka, kama benzoili peroksaidi na adapaleni, huingia kidogo mno katika damu, na kwangu hazistahili kutiwa katika mjadala huu.

Anayeulizwa na daktari kama anakunywa afadhali ataje kiasi badala ya kujibu "kidogo tu". Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na chupa nne za mwisho wa wiki ni gramu 80; gongo na chang'aa hazina kipimo kinachojulikana, na hilo lenyewe ni taarifa. Kiasi hicho kina kazi hasa siku ya kupima damu, kwa sababu pombe ya jana yake inaweza kupandisha trigliseridi hata kama dawa haijafanya kosa lolote, na daktari asiyeambiwa anaweza kupunguza dozi iliyokuwa sahihi, au kuisimamisha kabisa.