Kwa nini zawadi ya pointi husubirishwa saa 48

Miongoni mwa vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Lubumbashi, lalamiko ninalolisikia mara nyingi linahusu Stack Overflow, tovuti ambako waandishi wa programu huulizana maswali, hujibiana bure na hupata pointi wenzao wanapoyapigia kura maandishi yao. Mtu ana pointi zake, yuko tayari kuzitoa kama zawadi kwa atakayemjibu, na bado anakatazwa kuzitoa mpaka swali lake litimize siku mbili. Mteja anamsumbua kwa simu, mega za intaneti zinaelekea kuisha, naye anaambiwa asubiri. Mimi naona kwamba katazo hilo humkinga kwanza mwulizaji mwenyewe, na sababu yake imo katika namna zawadi inavyobadilisha hali ya swali.

Tovuti hiyo ilifunguliwa mwaka 2008, na zawadi zikaanza mwaka uliofuata. Anayetaka kutoa zawadi sharti awe na pointi zisizopungua 75. Kiwango cha chini ni pointi 50 na cha juu ni 500, na kiasi atakachotaja hukatwa papo hapo, wala hakirudishwi hata kama hakuna aliyejibu. Swali huwekwa kwenye orodha maalumu kwa siku 7. Saa 48 za kusubiri huhesabiwa tangu swali lilipowekwa, kwa hiyo aliyeuliza Jumatatu saa mbili za usiku hana ruhusa mpaka Jumatano saa mbili za usiku.

Wengi hawajui kwamba swali likishawekewa zawadi, watumiaji wa kawaida hawawezi tena kulipigia kura lifungwe, yaani lisipokee majibu mapya. Wasimamizi peke yao ndio hubaki na uwezo huo. Kama zawadi ingeruhusiwa tangu dakika ya kwanza, mtu angeweza kununua kinga kwa swali ambalo halieleweki, au ambalo lilikwisha kujibiwa miaka mingi iliyopita. Siku mbili hizo ndizo nafasi ya wasomaji kuuliza ujumbe wa kosa unasemaje, toleo la programu ni lipi, na kama swali kama hilo halipo tayari.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akitengeneza programu ya ankara kwa lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, na kila mteja aliyeitwa Hélène alitokea kwenye karatasi kama «HÃ©lÃ¨ne». Alikuwa na pointi 90 hivi na alitaka kutoa 50 usiku uleule. Angezitoa, angebaki na 40, yaani chini ya zile 50 zinazohitajika ili mtu aweze kuandika maoni chini ya maswali ya wengine. Kabla ya saa 48 kwisha, msomaji mmoja alimwonyesha swali la zamani lenye maelezo kamili: jedwali lake lilikuwa sawa, ila muunganisho kati ya PHP na hifadhidata haukuambiwa utumie utf8mb4, mfumo wa kuhifadhi herufi unaozitambua hata zenye alama. Mstari mmoja wa msimbo ukamaliza kazi, swali likafungwa kwa kuwa ni marudio, na pointi zake zikabaki palepale. (Katika nchi ambayo majina yetu mengi yana alama za Kifaransa, kosa hili ningelifundisha siku ya kwanza ya somo la hifadhidata.)

Kusubiri hakufai kila mahali. Google Answers, huduma ya Google ya kujibu maswali kwa malipo iliyofanya kazi tangu 2002 hadi 2006, ilimtaka mwulizaji ataje bei pale pale anapouliza, kuanzia dola 2 hadi 200, kwa sababu waliojibu walikuwa watafiti waliochaguliwa ambao walifanya kazi kwa malipo. Pale wanaojibu wanapojitolea mambo ni mengine. Zawadi ikitangulia, wajuzi watazoea kupita maswali yasiyo na zawadi, na anayeanza leo akiwa na pointi moja hatapata wa kumsaidia. Ni kweli kwamba hata sasa mjuzi anaweza kujificha akingojea siku ya tatu, lakini anajua kwamba mwingine anaweza kumtangulia kujibu.

Nisichokubaliana nacho ni namna ya kuhesabu. Saa huendelea kuhesabiwa hata kama mwulizaji hakugusa swali lake, hivyo aliyepuuza maoni yote ana haki sawa na aliyelisahihisha mara kadhaa. Ningependelea kwamba, pale ambapo msomaji ameomba maelezo, saa isimame mpaka yatolewe. Wanaosema siku mbili ni nyingi mno sikubaliani nao, maana maswali ya fani zenye watu wachache huhitaji hata zaidi kabla ya kusomwa na mtu anayezijua.

Kuna kusubiri kwingine upande wa pili: baada ya kutangaza zawadi, saa 24 hupita kabla ya kuruhusiwa kumkabidhi mtu, ili jibu la kwanza lisiwafungie mlango wengine. Siku 7 zikiisha huongezwa saa 24 za mwisho za kuamua. Ukikosa umeme au mega wakati huo, jibu lililokuja baada ya zawadi kutangazwa na likapata alama 2 au zaidi za kura za wasomaji hupewa nusu ya pointi, na nusu nyingine hupotea. Kwa hiyo nawaambia vijana wasitangaze zawadi ile siku ruhusa inapofika, bali siku ambayo, wakihesabu wiki moja mbele, wana hakika kwamba watakuwa mtandaoni.