Thuja: mti unaotoa ubao na nguo ukiwa bado umesimama

Wasomaji wengi huniuliza, "Nina thuja pale getini, majani yake yanatibu nini?" Kwanza tuelewane tunazungumzia mti gani. Ule mti wa ua wenye majani bapa, unaouzwa kwa jina la thuja kwenye vitalu vya maua Afrika Mashariki, mara nyingi ni mti wa Kichina ambao wataalamu walishautoa katika kundi hilo na kuupa jina la Platycladus orientalis. Ni jamaa wa thuja, lakini si thuja. Thuja zenyewe ni aina 5 tu: 3 za Asia ya mashariki na 2 za Amerika Kaskazini. Mimi ni mtu wa mbao, na kati ya hizo 5 iliyonishika moyo ni Thuja plicata, inayoota pwani ya Pasifiki kuanzia kusini mwa Alaska, kupitia British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, mpaka kaskazini mwa California. Ikiachwa ikue hufika mita 60 na kuvuka miaka 1,000.

Ukitaka kuelewa matumizi yake yote, shika mambo mawili. La kwanza, nyuzi zake zimenyooka na mbao ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo ikishakauka ina uzito wa takriban kilo 370, wakati mvule hukaribia kilo 650. La pili, kiini chake, yaani mbao ya ndani ya shina, kina kemikali ziitwazo thujaplisini, ambazo kuvu wanaoozesha mbao hawazipendi kabisa. Gogo lililoanguka msituni, kwenye mvua isiyokatika, linaweza kulala chini miaka 100 na bado fundi akapata ubao mzima ndani yake. Kemikali hizo huwa nyingi zaidi sehemu ya nje ya kiini na hupungua kuelekea katikati, ndiyo maana thuja nyingi kongwe zina uwazi tumboni.

Wenyeji wa pwani ile, wakiwemo Wahaida, Wanuu-chah-nulth, Wakwakwaka'wakw na Wasalishi wa Pwani, walilijua hilo zamani. Kabla ya kuangusha mti wa kuchongea mtumbwi, walitoboa tundu la majaribio shinani kuona kama ndani kumeoza. Kukiwa kumeoza, mti uliachwa. Miti yenye matundu hayo bado imesimama msituni.

Kazi ninayoistahi kuliko zote ni ya kuvua gome. Hufanyika majira ya kuchipua hadi mwanzo wa kiangazi, utomvu unapopanda na gome linapolegea. Mvunaji huchagua mti usio na matawi sehemu ya chini, hukata mstari mfupi wa kulala chini kwenye shina, upana wa viganja viwili hivi, hulegeza ukingo kwa kabari, kisha hushika ule mkanda na kurudi nyuma huku akivuta. Gome hubanduka kwenda juu, mita 10 au zaidi, likizidi kuwa jembamba mpaka linakatika lenyewe na kuanguka. Pale pale hutenganisha gome gumu la nje na utando wa ndani, anaukunja utando na kwenda kuukausha. Ukishapondwa hulainika, na hapo unasokota kamba, unasuka mikeka, kofia na vikapu, hata mavazi ya kukinga mvua.

Waganda nao huvua gome la mti wa mutuba ukiwa hai kutengeneza nguo, ila wao hulizungusha shina zima, kisha hulifunga kwa majani ya migomba gome lipate kuota upya. Thuja haivumilii hivyo. Ukiizungusha, imekufa. Kwa hiyo huchukuliwa mkanda mmoja au miwili tu, na mti huendelea kukua ukilizungushia kovu mbao mpya. Ukihesabu pete za ukuaji kwenye kovu hilo, unaupata mwaka gome lilipovuliwa. Katika British Columbia, mti wenye alama za kazi za wenyeji za kabla ya 1846 hulindwa na sheria ya urithi kama yanavyolindwa magofu ya kale.

Hata ubao ulipatikana bila kuuangusha mti: walipiga kabari za pembe au za mti mgumu, na kwa kuwa nyuzi zimenyooka, ubao ulipasuka toka shinani. Kutokana na ubao mmoja walitengeneza kuta zote nne za sanduku. Fundi alichonga mifereji mitatu ya kukunjia, akaulainisha kwa mvuke, akaukunja kwenye mifereji hiyo, kisha akaishona au kuipigilia vigingi pembe ya nne. Masanduku hayo hayakuvuja. Walipikia humo kwa kutumbukiza mawe ya moto majini.

Mtumbwi ulihitaji akili zaidi. Fundi alikuwa akitoboa vitundu upande wa nje na kupachika vijiti vya urefu uliopimwa. Akichonga ndani kwa tezo na kukutana na ncha ya kijiti, anajua unene umetosha. Kisha alijaza maji, akatia mawe ya moto na kufunika kwa mikeka. Mbavu zikilainika alizitanua na kukaza mbao za kukalia. Mwaka 1986 mchongaji Bill Reid aliongoza kazi ya mtumbwi wa Lootaas, wa mita 15 hivi, uliochongwa kwa gogo moja la thuja.

Siku hizi mbao hii huenda kwenye vigae vya paa, kuta za nje, mizinga ya nyuki na nyuso za magitaa. Ukiwa fundi, usiipigilie misumari ya chuma cha kawaida, maana kemikali zake hugusana na chuma na kuacha madoa meusi. Tumia ya chuma kisichoshika kutu. Na vaa barakoa. Vumbi lake lina asidi ya plikati, ambayo huwaletea pumu baadhi ya wafanyakazi wa viwanda vya kupasua mbao, na wengine hubaki na pumu hata baada ya kuacha kazi.

Kuhusu tiba, mafuta ya majani ya thuja yana thujoni, sumu inayoweza kuleta degedege. Msiyanywe, na msimpe mtoto. Jina la "mti wa uzima", ambalo thuja huitwa pia, lilitokana na majira ya baridi ya 1535 hadi 1536, mabaharia wa Jacques Cartier walipokuwa wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, karibu na mji wa sasa wa Quebec. Domagaya, mwenyeji wa huko, aliwaonyesha mti wa kuchemsha majani na gome, wakapona. Wengi huutaja kuwa thuja ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, Thuja occidentalis, ingawa wataalamu bado wanabishana.

Kinachonisumbua ni magogo makubwa. Mti wa miaka 80 unatoa mbao, lakini hautoi mtumbwi, na kiini chake hakijajaza kemikali za kuzuia kuoza kama cha mti mkongwe. Visiwani Haida Gwaii, pwani ya British Columbia, ukataji umepunguza mikongwe, na kulungu walioletwa kutoka bara mwishoni mwa karne ya 19 hula miche ya thuja kabla haijainua kichwa. Wanaopanda upya huko huizungushia miche kinga mmoja mmoja, na huiacha mpaka ncha ipite kimo cha mdomo wa kulungu.